Ndagala kwenye sosi ya spageti

Noella,

Nimeenda soko ya Kimanga kutafuta makala ya kuwashia moto. Spageti iko ndani ya kikapo. Kwa sosi, kaanga kitunguu, tia tomati nne, uache mpaka maji yakauke. ~~Usitie ndagala.~~ Tia ndagala. Nimekuchambulia hizo samaki ndogo, ziko kwenye sahani. Chumvi kidogo tu.

Asubuhi ulipoonja kiporo cha jana ukasema marehemu mama yako hakupikaga hivi, nilikujibu basi ujipikie. Nilisema vibaya. Minye nimekulia Lemera, huko juu mlimani hatutii ndagala kwenye spageti, na tangu baba yako anioe, hapa hakuna muntu aliyenionyesha.

Pika weye, kama yeye alivyokuwa anapika. Unibakishie. Kesho nitapika minye, na weye utaniambia kama iko yenyewe.

Mama mudogo