Risasi Niliyoimalizia Mwenyewe

Wendell,

Mchuzi wa kulungu umo kwenye friji, upashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye. Nimekwenda kwa dada, ~~nitalala huko~~ nitarudi jioni.

Asubuhi nilikukuta gereji unamfundisha Tessa, mke wa mwanetu, kutengeneza risasi. "Taratibu, binti. Kichwa cha risasi kikae sawa kwanza, ndipo ubane mdomo wa ganda." Sauti tamu kweli. Mimi tangu tuoane ni, "Marlys, usiguse, utaharibu." Wivu umenishika, sifichi.

Mlipoingia kunywa chai, nilichukua ganda ulilokwisha kutia baruti, nikaimalizia risasi mwenyewe. Iko peke yake kwenye benchi lako. Ipime. Ikiwa mbovu, Jumamosi unifundishe. Ikiwa nzuri, unifundishe vilevile.

Mkeo