Taa ya Mzee

Jumanne, 8 Mei 2012

Nyenje watano asubuhi. Mzee amekula mmoja. Saladi hakuigusa. Nikarudi kwenye cherehani. Sketi za shule bado hazina pindo.

Mzee ni mjusi wa binti yangu Neema. Urefu wake ni kama mkono wangu hadi kiwiko, na chini ya kidevu ana miiba inayofanana na ndevu. Ndiyo asili ya jina. Neema yuko chuoni Cape Town tangu Februari. Bweni haliruhusu wanyama, akaniachia mimi. Nawaogopa mijusi tangu utoto wangu Uvira. Nilikubali kwa sababu hajaniomba kitu tangu mama yake afariki.

Ijumaa, 11 Mei

Vidole vya nyuma vinamtetemeka. Nadhani ni baridi. Nimelisogeza tangi lake la kioo karibu zaidi na dirisha. Taa yake ndefu, ile nyeupe, iliungua Machi. Sikununua nyingine. Taa ya joto bado inawaka, na jua la mtaa wetu wa Rosettenville linaingia ndani lenyewe.

Jumapili, 13 Mei

Baada ya ibada alipita Mama Riziki, jirani yangu mwenye saluni. Akamtazama Mzee kutoka mlangoni. "Papa Neema, hicho kitu kitakuletea mikosi. Kitupe." Nilikasirika. Lakini moyoni niliwaza: akifa, nitapumzika. Ndivyo nilivyowaza. Naandika kama ilivyo.

Jumanne, 15 Mei

Amejaribu kupanda gogo lake, akaanguka. Miguu ya nyuma anaiburuta. Nilimzungushia taulo, nikamweka kwenye boksi la viatu, tukaenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari ni mwanamke kijana. Alibonyeza taya la Mzee kwa kidole kimoja. Likabonyea kama mpira. Kisha picha ya eksirei. Mifupa inatakiwa ionekane myeupe. Ya Mzee ilikuwa kama moshi.

"Taa ya miale iliungua lini?"

"Machi. Lakini namweka dirishani, anapata jua."

"Kioo kinazuia miale anayoihitaji. Hapo anapata mwanga na joto tu. Bila ile miale mwili wake hauwezi kutumia kalsiamu ya chakula, basi unaichota kwenye mifupa."

Akauliza kuhusu unga wa kalsiamu wa kunyunyizia nyenje. Uliisha Aprili. Nilidhani ni kama chumvi, wa kuongeza ladha tu. Niliona aibu kusema, lakini nilisema.

Mwisho akauliza taa ile ilinunuliwa lini. Neema aliinunua mwaka juzi. Daktari akashusha pumzi. Taa hizo huendelea kung'aa miezi mingi baada ya miale yake kwisha. Ugonjwa huu ulianza zamani, akasema. Kabla ya Machi.

Maana yake, kabla Neema hajaondoka. Hilo sitamwambia.

Jumatano, 16 Mei

Dawa ya kalsiamu kwa bomba dogo lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, asubuhi na jioni. Taa mpya, saa kumi na mbili kwa siku, isiwe mbali naye. Saa sita mchana nje, juani, bila kioo. Magogo yote nimeyatoa asianguke tena. Nyenje nawatikisa na unga kwenye mfuko hadi wawe weupe. Kumbeba: kiganja chote chini ya tumbo. Nilifumba macho, nikambeba.

Jumamosi, 19 Mei

Neema alipiga. Anauliza kwa Kiingereza, namjibu kwa Kiswahili, ndiyo kawaida yetu. Mzee yukoje? Nikasema, "Yuko sharp," yaani mzima, kama wasemavyo vijana wa hapa. Akacheka kusikia neno hilo kinywani mwangu.

Nimemdanganya mwanangu.

Jumamosi, 26 Mei

Nimemvunja mguu. Nilikuwa namtoa juani, mteja akaita, nikageuka haraka nikiwa nimemshika ubavuni. Sauti ndogo, kama ya uzi mnene ukikatika. Hakulia. Mijusi hawalii.

Daktari ameufunga mguu. Amesema bila kuzunguka: anaweza kupona, lakini ni maumivu mengi, na si vibaya kumlaza usingizi wa mwisho. Akauliza mwenye mnyama ni nani.

Jumapili, 27 Mei

Sikwenda kanisani. Nilimpigia Neema. Nikaeleza yote: taa, unga, dirisha, mguu, na kwamba nilisema uongo. Isipokuwa lile moja.

Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno: "Papa, ungesema tu. Mimi si mgeni." Analia. Kisha: "Usimuue. Mitihani inaisha tarehe ishirini na mbili. Ningojeeni."

Alisema ningojeeni. Sisi wawili.

Ijumaa, 8 Juni

Umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Baridi kali. Taa ya joto imezimika, Mzee amekuwa baridi kama jiwe, macho yamefumba nusu. Nikamweka kifuani, ndani ya shati, nikavaa koti juu. Cherehani haifanyi kazi, basi nikakaa tu. Mama Riziki alileta chai. Akaona mkia umetokeza kolani. Hakusema mikosi. Alifunga mlango vizuri upepo usiingie.

Saa kumi umeme ukarudi. Nilichelewa kumtoa. Nilikuwa nimeuzoea moyo wake.

Jumamosi, 23 Juni

Neema amefika kwa basi. Amekonda. Alinisalimu vizuri, akapita moja kwa moja kwenye tangi. Hakunilaumu. Angenilaumu, ingekuwa afadhali.

Jumatatu, 25 Juni

Kwa daktari, pamoja. Picha mpya: moshi umeanza kuwa mifupa. Taya limekaza, ila limepinda, na litabaki hivyo. Mguu pia hautanyooka. Ataishi.

Nyumbani Neema alilichukua boksi la taa mpya, akasoma maandishi ya ubavuni. Akayasoma tena. Hapo imeandikwa ibadilishwe kila baada ya miezi sita.

"Ile yangu ilikuwa na mwaka mzima na zaidi," akasema. "Papa, daktari alikuambia?"

"Aliniambia."

"Ulijua siku ile kwenye simu?"

"Nilijua."

Alikaa sakafuni kando ya cherehani. Nikakaa naye. Magoti yangu hayapendi sakafu, lakini nilikaa. Baadaye aliniegemezea kichwa begani. Uzito ule nilikuwa nimeusahau.

Jumapili, 15 Julai

Nimemsindikiza Neema kituo cha basi. Nilidhani atamtafutia Mzee mtu mwingine, mwenye ujuzi. Alinionyesha tu namna ya kumkata kucha.

Jumanne, 17 Julai

Baridi, jua safi. Saa sita tulitoka uani, nikamweka juu ya kitambaa cheusi cha suruali. Alijibana chini, akawa mpana, akaligeuzia jua ubavu. Nyenje wawili amewakamata mwenyewe. Wa tatu alimkosa kwa sababu ya taya. Nikamshikia kwa kibano.