Mguu Uliokaa Kimya

Jabe, Ijumaa, Agosti 1969

Nimewaficha wote kwamba mguu wangu wa kulia hausikii kitu. Sitaki kufa na siri hii.

Leo nilipovua viatu mlangoni pa msikiti, Saidi, fundi wa baiskeli, alicheka. "Mzee, umechinja kuku mu kiatu?" Kutazama kiatu cha kulia, damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli, nami nimeukanyaga tangu sokoni.

Daktari alinieleza mwaka jana: unene na sukari vimeharibu mishipa ile midogo, myembamba kama nywele, damu haifiki vizuri vidoleni, na mguu unakufa ganzi. Nipunguze mwili. Nipunguze! Mwili huu ndio waliousifu. Kitambi kilipoanza, mke wangu alinishonea kanzu pana kwa furaha, na majirani wakasema, "Sasa we ni bwana mukubwa." Kumbe walisifu ugonjwa. Na mwili wenyewe, nilioulisha vizuri hivyo, haukuniambia neno.

Saidi alipokuwa akinifunga kitambaa aliuliza, "Na ule mwingine?"

"Mzima," nikamjibu.

Sasa hivi nimeuchoma huo wa kushoto kwa sindano ya mke wangu. Damu imetoka. Sikusikia kitu.