Klé ya Wifi na Jina la Mjukuu

Jumatano, 12 Juni

Nimefagia, nimechota maji, nimekula muhogo na ndagala wa jana, visamaki vya ziwani. Kisha nikaivua kitambaa kompyuta ya marehemu mume wangu. Vumbi la kiangazi limeingia hadi kwenye vibonye.

Furaha, binti yangu wa pekee, amejifungua huko Kanada. Msichana. Jumapili watanipigia kwa video. Katika ukoo wetu jina la mtoto wa kwanza hutajwa na bibi mzaa mama, kwa sauti, mbele ya watu. Simu yangu haina video. Jirani, Papa Etienne, anauza wifi ya antena yake, lakini kompyuta hii haina cha kuinasa. Nimenunua klé ya wifi sokoni, kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ndogo kama ukucha wa gumba. Fundi kaniambia, "Mama, chomeka tu, itajitengeneza yenyewe."

Tutaona.

Alhamisi, 13 Juni

Haikujitengeneza. Kompyuta inasema kwa Kifaransa kwamba haikitambui kifaa hicho. Kwenye paketi kuna sidii yenye programu yake. Kompyuta haina pa kuitia. Programu nyingine iko mtandaoni, yaani niwe na mtandao ndipo nipate mtandao. Nimecheka. Kisha nikanyamaza, maana kucheka peke yako ndani ya nyumba kunatisha.

Jumamosi, 15 Juni

Nimerudi sokoni na hasira zangu. Fundi kanipa programu kwenye flashi, bila kunitazama usoni. Nikabonyeza "Oui", ndiyo, kila ilipouliza. Nikazima, nikawasha. Jina la wifi ya Papa Etienne likatokea. Nikaandika msimbo alioniuzia.

Imekubali! Nilitaka kumwambia mtu. Nikatoka hadi barazani. Hakuna mtu. Nikarudi ndani.

Jumapili, 16 Juni

Nimevaa kitenge kipya, nimejipaka mafuta.

Picha ikaja. Furaha amenenepa. Mtoto kalala kifuani mwake, mumewe na wageni wamejaa nyuma. Nikasalimu. Nikasalimu tena, kwa nguvu. Furaha anakodoa macho tu.

"Mama, uko? Hatukuone. Hatusikie sauti yako. Batu bote banangojea jina."

Kompyuta haina kamera. Haina maikrofoni. Wiki nzima nahangaikia klé, hilo sikuliwaza hata kidogo. Mjinga mimi. Nimezalisha wanawake wa hapa Nundu tangu ujana wangu, watoto wao niliwaita mimi kabla ya baba zao. Mjukuu wangu siwezi kumwita.

Nikaona mahali pa kuandika. Nikaandika kwa kidole kimoja. NIKO. Halafu jina la mama yangu: MAUWA.

Furaha akasoma, akalia, akamwinamia mtoto akamwita. Wageni wakapiga vigelegele. Kisha mtandao ukakatika.

Jumatatu, 17 Juni

Upepo wa ziwani tangu asubuhi. Nimefua kitenge, ingawa hakijachafuka. Wakati wa kuanika nimelitamka jina mwenyewe, kwa sauti, mara moja tu. Mauwa. Hakuna aliyeitika. Nikaendelea kuanika.