Suti ya Bwana Harusi

Jumanne, Guangzhou

Ati “dada”! Juma, aliyekuwa mchumba wangu miaka sita, jana alinipigia kutoka Mombasa: “Dada, ninunulie suti ya harusi hapo soko la nguo la Zhanxi. Wewe una jicho.”

Baadaye nikatazama mojawapo ya zile filamu za zamani za Meksiko, za mapenzi na machozi. Mwanamke aliyeachwa alifika kanisani, akambusu bibi harusi, akawaombea heri. Nilitamani kumzaba kofi.

Leo nimeinunua suti. Nzuri mpaka imeniuma.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Jioni hii Juma amepiga tena, akasisitiza itumwe kwa ndege, nami nikamjibu, “Usijali, kaka, nishaituma.”

Nimeituma kweli. Iko bandarini Huangpu, ndani ya kontena, inangoja meli.