Ushinde Ukifanya Nini Kwenye Nyumba ya Majivu

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene! Huku Njombe ukungu umetulalia kama blanketi. Bibi yako mzima, nami bado ndiye babu mtanashati kuliko wote.

Unauliza, sasa wewe na mumeo mmerithi huko Taiwani nyumba ya Kibudha ya kutunzia majivu ya marehemu, mshinde mkifanya nini, maana wateja wenu hawasemi?

Ujanani nilichonga majeneza kwenye karakana moja Makambako, na hakuna seremala aliyenifikia. Asubuhi moja akatokea ukunguni mzee wa Lupembe, kafiwa na mkewe.

"Marehemu ana urefu gani, baba?" nikamuuliza.

Akainua mkono hewani kupima, akaushusha. Akageuka aondoke mikono mitupu, na maziko ni kesho. Bosi wetu akaweka msumeno chini, akamkalisha juu ya mbao za msindano, akakaa naye mpaka ukungu ukaanza kung'aa. Ndipo mzee akatabasamu kidogo.

"Alinizidi. Siku ya ndoa alivua viatu kanisani ili tulingane."

Basi nikampima yeye, viatu vikiwa mguuni.

Vyungu vya majivu havina haraka, Neema. Anayevileta mkalishe, ukae naye.

Ni mimi babu yako, fundi asiye na mpinzani.