Pua Yangu na Pipa Lako la Mwisho

Magesa, rafiki yangu,

Nimemwambia mke wako neno ambalo sijui kama ni kweli, na wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Jumatatu alinipigia simu nikiwa karakana, hapa Mukendo. "Shemeji, njoo Bunda unuse lile pipa. Mimi najua mambo ya mtambo tu, kunusa ilikuwaga kazi yenu." Nikaenda. Njiani niligeuza uso nisiione barabara ya Butiama, tulikokuzika.

Pale kiwandani Nyasura mtambo unafanya kazi, molasi inachacha, na shemeji anawasimamia wafanyakazi vizuri kuliko wewe. Usinune. Koti lako tu ndilo halipo msumarini. Na pipa lipo, lile nililolitengeneza kwa mbao za mapipa makuukuu ya mvinyo. Nililipiga randa ndani hadi harufu ya zamani ikatoka, nikaliunguza, nikaziba nyufa kwa matete makavu ya ziwani. Ulinicheka, ukasema matete ni ya kuezekea. Miaka saba halijavuja hata tone.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiambia ninuse kama ramu imeiva? Nilikataa, mimi mtu wa msikitini. Ukasema, "Sikupi unywe. Wanywaji wote wananidanganyaga ili niwaongeze. Wewe pua yako haijawahi kulewa." Basi kila mwaka ulichovya kijiti, ukanipa, nikasema bado. Ulikubali bila ubishi, wewe uliyebishana hata na mvua. Baba yako alipika gongo vichakani akiwakwepa polisi. Wewe ulitaka ramu yenye kibali, iliyolala miaka pipani, mtu ainywe ameketi, haogopi mtu.

Jumatatu nilichovya kijiti mwenyewe. Nikanusa. Magesa, nilikusikia wewe. Koti lako, sukari iliyoungua, moshi. Nikanusa tena, wewe tena. Shemeji akauliza, "Vipi?" Nikasema bado.

Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Labda kweli ilikuwa bado. Labda sikutaka wakutie kwenye chupa wakupeleke hotelini kwa watu wasiokujua. Hata sielewi kama miaka yote wewe ndiye uliyenukia ramu, au ramu ndiyo iliyonukia wewe. Nyumbani mke wangu aliniuliza nina nini. Mtu wa swala tano analia kwa sababu amenusa pombe, utaanzia wapi?

Na neno lako linanisumbua: "Ikizidi muda, mbao zinaishinda, inakuwa chungu." Shemeji ananiamini kama ulivyoniamini. Nikiendelea kusema bado kwa ajili ya huzuni yangu, nitaiharibu kazi uliyoingoja miaka saba, na hutakuwepo hata kunigombeza.

Jumamosi narudi. Nitanusa mara moja tu, nikijifanya uko nyuma yangu umekunja mikono. Nikikukuta tena humo, basi ndiyo harufu uliyoingoja; nitamwambia shemeji imeiva, wafungue. Nakuahidi hilo, ingawa naogopa.

Chupa wachukue wenyewe. Mimi nitaomba pipa tupu. Nitalileta karakana, niliweke karibu na meza yangu ya kazi, na ndani sitalipiga randa.

Pumzika, ndugu yangu.

Fundi wako,
Rajabu